Kiwanja cha Nyasi Bandia Uani
Wachezaji wa Uwanja wa Nyamirambo mjini Kigali, ulioitwa Kigali Pelé Stadium mwaka 2023, hukimbia juu ya nyasi bandia. Mwenye nyumba atakaye kiwanja cha namna hiyo uani, watoto wacheze bila matope, hana budi kukumbuka kuwa Kigali ni mji wa vilima.

Kazi huanza na ardhi, si zulia. Udongo wenye mizizi huondolewa, mahali husawazishwa, kisha kokoto humwagwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Huachwa mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita, ili maji yaelekee mtaroni. Ndipo zulia hutandikwa, viungo hugundishwa, na mchanga mkavu husambazwa kati ya nyuzi zake.

Mtaro usiishie ukutani kwa jirani wa chini. Maji ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, yakikusanywa mahali pamoja huweza kuchimba msingi wa nyumba yake. Yafaa yapelekwe tangini au katika mfereji wa barabara.

Nyasi hizi hupata moto sana adhuhuri. Watoto wavae viatu au wangoje alasiri.