Kuhesabu Majeruhi Si Utabiri

Jamani, rafiki yangu amejumlisha majeruhi wa kila timu msimu uliopita, sasa "anatabiri" msimu ujao na kubeti pesa ya kodi ya nyumba. Hiyo si programu, ni ramli!

Chukueni Liverpool. Msimu wa 2020/21 Van Dijk, Gomez na Matip waliumia, msimu ukawaishia hapo, pointi 69. Msimu uliofuata Van Dijk alicheza mechi 34 za ligi, pointi zikafika 92. Mwaka mbaya kupita kiasi kwa kawaida hufuatwa na mwaka wa wastani.

Ukitaka data ya maana, fuata mchezaji mmoja mmoja: umri wake, na msuli wa paja uliowahi kuchanika, maana huo hurudi. Timu haina goti. Mchezaji ndiye analo. Unabisha? Lete hesabu zako.