Seva ya Chuo na Somo la Programu

Wako wasemao kwamba somo la kuandika programu lingoje hadi kila mwanachuo awe na kompyuta yake mwenyewe. Hatukubaliani nao. Jupyter, iliyochipuka mwaka 2014 kutoka IPython ya Fernando Pérez, yaweza kuwekwa katika seva moja ya Linux chuoni, wanachuo wakaifikia kwa kivinjari hata katika kompyuta kuukuu. Intaneti ya nje ikikatika, kazi haisimami. Mwanachuo huandika mstari, huona jibu papo hapo chini yake, hujisahihisha. Ila kila aingiaye hula sehemu ya kumbukumbu ya seva. Fedha zianzie huko, si kwenye vioo vipana. Na nywila ya usimamizi wawe nayo walimu wawili: mmoja akihamishwa nayo peke yake, darasa hufungwa.