Chumba cha rubani cha mbao na ordinatere kuukuu: Baraka, tusicheke

Wiki iliyopita, katika kipindi cha vijana, tulieleza jinsi watu wa Ulaya na Marekani wanavyojijengea chumba cha rubani ndani ya nyumba. Wanaweka kiti, usukani, ekra tatu au zaidi mbele, na ordinatere kadhaa zilizounganishwa kwa waya. Kisha mtu anakaa pale jioni anarusha ndege ambayo haitoki sebuleni. Baada ya kipindi simu hazikutulia. Vijana wa Baraka, Mboko na Lusenda walitaka kujua inafanywaje. Papa mmoja deplase, anayeishi na watoto wake katika familia iliyowapokea hapa mjini, aliuliza swali fupi: «Mwandishi, mtoto wangu hana kiatu, na wewe unamtafutia ndege ya uongo?»

Swali lake ni la haki na ninamjibu hapa. Msimamo wangu ni huu: kitu hicho kinaweza kujengwa Baraka, kinafaa kujengwa, na kikijengwa kisikae sebuleni mwa mtu.

Kwanza tuondoe wazo kwamba ni mchezo wa matajiri. Aliyekianzisha alikuwa Edwin Link, kijana wa Binghamton katika jimbo la New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda. Link alipenda kuruka, lakini masomo ya urubani yalikuwa ghali. Mwaka 1929 alitengeneza kisanduku chenye umbo la ndege ndogo, na akakiweka juu ya mifuko ya hewa ileile inayopuliza vinanda vya kanisani. Ukisukuma usukani, mifuko inajaa au inatoa hewa, na kisanduku kinainama kama ndege. Wakubwa wa jeshi hawakukijali, kikaishia kwenye viwanja vya michezo ya watoto. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani wake wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine kwa sababu hawakuzoea kuruka ndani ya mawingu na usiku. Hapo ndipo walinunua visanduku sita vya Link. Kufikia mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimetengenezwa zaidi ya 10,000, na marubani kama nusu milioni walikuwa wamevipitia. Chuo cha ndege cha Ethiopian Airlines pale Addis Ababa leo kina mashine za aina hiyo zinazokaribia ndege yenyewe kwa kila kitu, na rubani hapewi abiria kabla ya kuzipitia.

Sasa namna ya kufanya, maana vijana wameuliza. Programu si tatizo. Ile ya kwanza ya ordinatere ndogo ilitoka mwaka 1979, na mwaka 1982 Microsoft wakatoa ya kwao, ambayo inauzwa. Lakini iko nyingine inayoitwa FlightGear, iliyoandikwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990. Haina bei, na si wizi kuinakili kwa fulashi na kumpa jirani. Ukishaipata pamoja na faili za milima na maziwa, haihitaji intaneti tena. Matoleo yake ya zamani yanakubali mashine za zamani.

Uzuri wake ni kwamba inajua kugawana kazi. Ordinatere moja, ile yenye nguvu zaidi, inafanya hesabu za ndege: kasi, kimo, uzito, upepo. Halafu inazitumia nyingine habari mara nyingi kwa sekunde kupitia waya wa mtandao: ndege iko hapa, imeinama hivi, inatazama huku. Hizo nyingine hazihesabu chochote, zinachora tu. Moja ni dirisha la kushoto na nyingine la kulia, na ya nne kama ipo inaonyesha saa za rubani. Kila moja unaiambia igeuze macho nyuzi ngapi kutoka katikati. Sharti ni kwamba zote ziwe na ramani ileile, na isiwepo moja iliyo goigoi mno, la sivyo mstari wa upeo unakatika kati ya ekra na ekra na kichwa kinakuuma.

Mengine ni kazi ya mikono, na hapo Fizi hatuna shida. Maseremala tunao. Usukani unaweza kuwa wa baiskeli iliyokufa, na breki zake zikawa pedali za mkia. Kile kirungu cha kuongeza sauti kwenye redio mbovu, ambacho mafundi wetu wanakitupa, ndicho kinachoiambia ordinatere kwamba usukani umegeuzwa kiasi gani, kikifungwa kwenye kibao kidogo cha elektroniki kinachoitwa Arduino. Kibao hicho ndicho karibu kitu pekee cha kuagiza nje.

Na umeme? Nilikaa na fundi wa sola tukapiga hesabu. Laptopu tatu kuukuu zinakula kama wati 150 kwa pamoja. Saa mbili kwa siku ni wati-saa 300. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini haipendi kushushwa chini ya nusu, basi tuhesabu 600. Pano mbili za wati 100 kwa jua letu zinatosha kuirudishia. Nikumbushe tu kwamba kila jioni vibanda vya sinema vinachoma esanse ili tuone mpira wa Ulaya, na hakuna anayesema ni anasa.

Nirudi kwa yule papa. Mtoto atajifunza nini pale ambacho kitamfaa mtu wa Fizi? Mimi ningeanza na uzito.

Tarehe 8 Januari 1996 ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 ilijaribu kuruka kutoka uwanja wa N'dolo, Kinshasa. Ilikuwa imepakiwa kupita kiasi. Haikuinuka. Iliumaliza uwanja ikaingia katika soko la Simbazikita, ikaua watu zaidi ya 200, akina mama na watoto waliokuwa wanauza na kununua. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo ilianguka Bandundu, watu 20 kati ya 21 wakafa. Aliyenusurika alieleza kwamba mamba aliyefichwa ndani ya mfuko alitoka, abiria wakakimbilia mbele wote kwa mara moja, na ndege ikapoteza usawa. Watu wanaicheka habari hiyo. Mimi naona ni somo zima la fizikia, na waliolilipia ni wale 20.

Sasa mlete mwanafunzi mbele ya ekra zetu. Mwambie aiweke ndege Kavumu, mita kama 1,700 juu ya bahari, aipakie kilo zinazoruhusiwa, aruke. Kisha aongeze kilo 300, aruke tena. Ataona uwanja unakwisha mbele yake huku magurudumu bado yako chini. Halafu ajaribu mzigo uleule akiwa usawa wa ziwa letu, mita kama 770, aone tofauti inayoletwa na hewa kuwa nzito zaidi huku chini. Baadaye asogeze mzigo wote nyuma, aone pua inavyoinuka bila ruhusa yake. Walimu wetu wa hesabu-fizikia wanafundisha mambo haya kwa ubao na chaki peke yake, na wanafunzi wanayakariri ili wapite mtihani wa Serikali. Hakuna anayeyaona.

Kijana aliyeona kilo 300 zinafanya nini kwa ndege, atapandaje boti Baraka au Kazimia iliyojaa hadi maji yanalamba ukingo, na anyamaze? Desemba 2014 boti Mutambala ilizama karibu na Moba, watu zaidi ya 120 wakafa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi na upepo ulikuwa mkali. Ziwa ni lilelile letu. Kwenye boti zetu anayejua hesabu ya uzito hana sauti, na mwenye sauti ni yule anayekusanya nauli. Sidai kwamba ekra tatu zitabadilisha biashara ya boti. Nasema zitaongeza watu wanaojua kwa nini wanaogopa.

Lipo pia jambo la lugha. Kila ndege ya Kongo ina jina linaloanza na 9Q, na rubani analitamka herufi kwa herufi kwa maneno ya dunia nzima: Alfa, Bravo, Charlie, hadi Zulu. Anayezungumza naye chini ni mtu wa RVA. Mtoto mmoja akae kwenye usukani, mwingine akae chumba cha pili awe mnara, waongee kwa simu mbili za kawaida. Sisi wa redio tunaijua kazi hiyo: jina likisikika vibaya, habari imeharibika. Katika ndege kinachoharibika ni kikubwa zaidi ya habari. Na kati ya watoto kumi watakaopita pale, huenda hakuna hata mmoja atakayekuwa rubani, lakini kazi ya mnara, ya redio, ya hali ya hewa, ya fundi wa injini, zote zinahitaji watu, na wanatafutwa popote isipokuwa huku kwetu.

Hapa niwaonye wazazi. Saa za mashine ya nyumbani hazihesabiwi kwenye leseni yoyote. Leseni ya rubani binafsi inataka angalau saa 40 za kuruka kweli, ya rubani wa kazi ni kama 200, pamoja na uchunguzi wa daktari. Anayetaka kuruka nje ya nchi lazima pia apimwe Kiingereza. Gharama ni makumi ya maelfu ya dola. Chuo cha Soroti kule Uganda kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, na Kongo imeingia katika Jumuiya ya sasa mwaka 2022. Wabunge wetu wangeuliza kama kuna nafasi huko kwa watoto wa Kongo. Lakini mtu akifungua chumba cha ekra tatu hapa mjini na kudai dola 50 kwa «cheti cha urubani», msimpe. Anawaibia.

Fedha za kiatu cha mtoto wa yule papa zisiguswe, tuko pamoja. Sizungumzii mfuko wa unga wala wa maharagwe. Nazungumzia mfuko ambao kila mwaka unatuletea «shughuli za vijana», na kila mwaka tunapokea mipira miwili, fulana zenye maandishi na picha ya pamoja. Mradi ukiisha, ofisi inafungwa, na ordinatere zake zinapakiwa kwenye gari au zinaoza ndani ya stoo. Ziacheni hapa. Kumi tu, hata zile ambazo betri zake zimekufa.

Kiwekwe wapi? Katika shule inayopokea watoto wa deplase pamoja na wenyeji, au ukumbi wa parokia, mlango wazi. Hii si adabu tu, ni usalama. Katika siku hizi, vijana wenye waya, ekra, ramani ya milima ya Itombwe na picha ya ndege wanaweza kuchukuliwa kuwa kitu kingine kabisa, na anayekuja kuuliza hatakuja na kalamu. Shefu wa mtaa ajulishwe kabla ya msumari wa kwanza. Wakuu wa usalama waalikwe, wakae kwenye kiti, waanguke ziwani kama wengine. Mkubwa akishaiangusha ndege mara mbili mbele ya watoto, hatakuwa na shaka tena kwamba ni darasa.

Na wapo waliokimbia kutoka upande wa Bukavu. Uwanja wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, na Kavumu ikatoka mikononi mwa Serikali Februari mwaka huohuo. Katika ekra viwanja hivyo viko wazi. Mtoto ataomba kuruka kwenda kwao, hilo nina uhakika, nao wasimamizi wajiandae: ramani ya bure inaonyesha milima, ziwa na rasi ya Ubwari vizuri sana, lakini vijiji vingi havimo. Atafika juu ya kwao aone majani tu. Awepo mtu mzima karibu naye, wa kumwambia kwamba ni ramani ndiyo haijui.

Jambo la mwisho ni dogo, kwa yeyote atakayetangulia kujenga. Nimeona watoto hapa Baraka wakisikia mlio angani wanaacha sahani na kuingia chini ya kitanda, kwa sababu mlio huo kwao si wa abiria. Programu ina kitufe cha kuzima sauti ya injini. Majuma ya kwanza kizimeni. Watoto wenyewe watawaambia siku ya kukiwasha.