Pete ya Chuma Kiunoni mwa Katapila



Juma hili twataka kusema habari ya kitu ambacho wengi wetu hatujapata kukiona, ingawa twapita karibu nacho kila mara barabara inapotengenezwa. Ni pete kubwa ya chuma iliyofichwa kiunoni mwa katapila la kuchimba udongo, pale sehemu ya juu inapokaa juu ya minyororo na kugeuka huku na huku. Mafundi wa kwetu Kongo huiita rulema. Wale wa ng'ambo ya ziwa husema beringi.

Pengine mama mmoja atauliza: Habari ya chuma yatuhusu nini sisi wenye nyumba na watoto? Twamjibu kwamba yatuhusu sana. Mtu wa Niemba hahitaji kufundishwa thamani ya njia. Mahali petu ni kando ya reli itokayo Kalemie kwenda Kabalo, iliyokamilika mwaka 1915, na mito hukata barabara zetu mara kwa mara. Tarehe 8 Novemba 1960, askari 11 wa Ayalandi, waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa, walikwenda mpaka daraja lililovunjwa la mto Luweyeye ili njia ifunguliwe. Hapo walishambuliwa, na 9 kati yao walikufa. Waluba nao walipoteza watu wao. Wazee wetu hawajasahau. Basi njia iliyofungwa si jambo dogo kwetu, wala chombo cha kuifungulia si kitu cha kuchezea.

Miaka michache iliyopita katapila moja lilikuwa likitengeneza barabara upande huu wakati wa kiangazi. Dereva wake alikuwa kijana tuliyemfundisha hesabu. Jioni moja alikuja kwetu na kitabu cha mtambo kwapani, kilichoandikwa kwa Kifaransa.

"Mwalimu," akasema, "nikigeuza mtambo nasikia mlio kama wa mtu atafunaye mchanga. Nimemwambia msimamizi, naye akaniambia nimalize kazi kwanza, kwa maana mvua i karibu. Tafadhali tusome pamoja, nijue kitabu chasema nini."

Tulisoma, na haya ndiyo tuliyojifunza, pamoja na yale tuliyofundishwa baadaye na fundi mwenyewe.

Katapila la tani 20 lina sehemu mbili. Chini ni fremu na minyororo yake. Juu ni injini, kibanda cha dereva, mkono wenye ndoo, na ule uzito wa chuma uliowekwa nyuma ili mkono usiuangushe mtambo kifudifudi. Sehemu ya juu ina zaidi ya nusu ya uzito wote, nayo yakaa juu ya pete ile moja. Kipenyo cha pete hiyo chapita mita 1, na uzito wake waweza kupita kilo 200. Kwa kweli ni pete mbili, moja ndani ya nyingine: ya ndani imefungwa kwa bolti katika fremu ya chini, ya nje imefungwa katika sehemu ya juu. Kati yake pana mfereji uliojaa gololi za chuma kigumu. Pete ya ndani ina meno, na gia ndogo iendeshwayo na mota huyashika meno hayo na kutembea juu yake. Ndipo mtambo hugeuka.

Gololi hizo hazibebi uzito wa kukaa tu. Ndoo ikijaa udongo na mkono ukinyoshwa mbali, upande wa mbele wa pete hugandamizwa chini, na upande wa nyuma huvutwa juu kana kwamba wataka kung'oka. Ukiongeza vumbi, matope, na grisi iliyosahauliwa, utaelewa kwa nini chuma kigumu namna hiyo huchakaa.

Dalili za mvua ni mawingu, na pete hii nayo ina mawingu yake. La kwanza ni mlio wa kusaga. La pili ni mtikisiko: mtambo ukianza kugeuka au ukisimama, sehemu ya juu huyumba kidogo. La tatu ni grisi: ikitoka na vipande vinavyong'aa, au sumaku ikinasa chembe za chuma ndani yake, ujue mfereji wa gololi unabanduka. La nne ni bolti zilizolegea au kukatika.

Lakini fundi mwema hahukumu kwa dalili moja. Mlio waweza kutoka katika gia ya mota, na mtikisiko waweza kuletwa na bolti zilizolegea tu. Kwa hiyo huanza kwa kuosha matope, kisha huzijaribu bolti zote moja moja. Baada ya hapo hupima.

Kupima hufanywa hivi. Mtambo husimamishwa mahali sawa na pagumu. Kipimo chenye uso kama wa saa hufungwa katika fremu ya chini, na ncha yake huigusa sehemu ya juu upande wa mbele. Kwanza mkono hunyoshwa mbali, ndoo ikiwa hewani, ili sehemu ya mbele ilale chini kwa uzito wake. Hapo sindano huwekwa kwenye sifuri. Kisha mkono hukunjwa, na ndoo hugandamizwa ardhini mpaka mbele ya minyororo iinuke kidogo. Sasa sehemu ya juu yasukumwa juu, na sindano huonyesha ni kiasi gani imeachana na ile ya chini. Kila mtengenezaji hutaja kikomo chake, nacho ni milimita chache tu.

Kitabu cha mtambo ule kilitaja kikomo cha milimita 3.2. Fundi alipima, akapata 3.5. Akapima tena, akapata 3.5. Tuliuliza vipimo vya miaka iliyopita viko wapi. Havikuwako, hakuna aliyeviandika.

Msimamizi alikasirika. "Tofauti haifikii unene wa ukucha!" alisema. "Mvua ikija kabla hatujamaliza, kazi yote itachukuliwa na maji."

Fundi alikuwa mtu mzima, mpole wa maneno. Aliutoa ufunguo katika kibanda, akautia mfukoni. "Bwana," akajibu, "barabara yaweza kungoja. Mtu aliye karibu na mkono ule hawezi kungoja ukimwangukia. Kama wataka liendelee, andika jina lako katika karatasi hii kwamba wewe ndiwe uliyeamuru."

Msimamizi hakuandika. Katapila likasimama.

Twakiri, wasomaji wapenzi, kwamba siku zile hata sisi tulinung'unika pamoja na wengine. Pete mpya ilipaswa kuvuka ziwa kutoka Kigoma mpaka Kalemie, kisha ije huku. Majuma yalipita, mvua za kwanza zikanyesha, na akina mama waliokuwa na magunia ya mihogo walikaa nayo kando ya njia. Tulisema fundi ana woga. Tulikuwa tumesoma kitabu, tumeona kipimo kwa macho yetu, na bado tulinung'unika.

Pete ilipofika tulikwenda kutazama. Kwanza mkono ulishushwa ardhini na nguvu ya mafuta ikafunguliwa katika mipira. Mipira ilitolewa alama moja moja, na midomo yake ikazibwa ili vumbi lisiingie. Mkono ukaondolewa. Ndipo kreni ikainua sehemu yote ya juu na kuiweka juu ya magogo imara. Wala hakuna mtu aliyeruhusiwa kupita chini yake ilipokuwa hewani.

Matope yalipooshwa yote, zilionekana bolti mbili zilizokatika shingo, vichwa vyake vikiwa vimeshikwa mahali na uchafu tu. Bolti ikikatika, mzigo wake huwaangukia jirani zake, nao hukatika mmoja baada ya mwingine. Na pete ilipofunguliwa, mfereji wake ulikuwa na mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na gololi kadhaa zilikuwa zimepasuka. Tuliangaliana kimya. Sisi tulionung'unika hatukuwa na la kusema.

Kuweka pete mpya nako kwataka akili. Mahali pa kukalia husafishwa na kukaguliwa kama pamenyoka, kwa maana pete mpya juu ya kiti kilichopinda huharibika upesi kama ile ya zamani. Tena kila pete ina sehemu ndogo ambayo haikupata ugumu ilipochomwa kiwandani, nayo hutiwa alama. Fundi huiweka alama hiyo ubavuni, mbali na mstari wa mkono, mahali ambapo mzigo ni mdogo. Bolti za zamani hazirudishwi. Huwekwa mpya, za aina ile ile. Hukazwa kwa kukabiliana, huku moja na ng'ambo yake nyingine, kwa hatua, na mwisho kwa spana ipimayo nguvu. Kisha hutiwa grisi, mtambo hugeuzwa polepole mara kadhaa, na baada ya saa za kazi zitajwazo kitabuni bolti hukaguliwa tena.

Siku hiyo hiyo fundi alipima pete mpya. Kijana wetu akafungua daftari la shule, akaandika tarehe, saa za injini na kipimo: milimita 0.9. Chini yake akaacha mistari mitupu kwa miezi ijayo. Twasema kwa kweli kwamba tulifurahi kuliona daftari lile kuliko kuiona pete yenyewe.

Basi wazazi, mkiwa na mtoto ajifunzaye ufundi, msimwulize tu kama ajua kufungua na kufunga. Mwulizeni: Je, waandika unachopima? Maana aliye na daftari huiona hatari ingali mbali. Asiye nalo huiona siku chuma kinapovunjika. Nanyi wanafunzi, msidharau nukta iliyo katikati ya tarakimu. Kati ya 3.2 na 3.5 palikuwa na uhai wa kijana mmoja, na pengine wa wote waliosimama karibu kutazama, sisi tukiwamo.

Barabara ilikamilika baadaye, ikiwa imechelewa. Sehemu moja iliharibiwa na mvua na ikabidi itengenezwe upya. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli, nasi hatuifichi. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta hujengwa upya, mtu hajengwi.

Kwa herini mpaka juma lijalo.