Viini Vingi na Kazi Igawanyikayo



Si haba walimu wa Masasi na Newala waandikao ubaoni kwamba prosesa ni ubongo wa kompyuta, nao watoto wakaikariri sentensi hiyo. Kukariri huko si elimu. Tena jambo lenyewe laweza kufundishwa vema hata katika shule isiyo na kompyuta.

Kwa miaka mingi wahandisi waliongeza kasi ya prosesa kwa kuharakisha mapigo yake. Njia hiyo ilifikia ukomo, maana joto lilizidi mno. Ndipo walipoweka viini kadhaa vya kufanyia hesabu katika kipande kimoja cha silikoni: IBM mwaka 2001, kwa prosesa ya POWER4, kisha Intel na AMD mwaka 2005, kwa kompyuta za mezani. Leo simu janja nyingi zina viini vinane.

Je, viini vinne huleta kasi mara nne? La. Tuseme korosho za kaya moja zinahitaji saa 8 za kuokota na kutenga na mabibo, kazi igawanyikayo, na saa 2 za mtu mmoja kuzipeleka ghalani kwa baiskeli. Mtu mmoja atatumia saa 10. Watu wanne watamaliza kwa saa 4, si saa 2 na nusu. Wanane kwa saa 3. Hata wakija mia, saa 2 za baiskeli zitabaki palepale. Hoja hii aliitoa Gene Amdahl mwaka 1967.

Aidha, viini hivyo huchota katika kumbukumbu moja. Mtoto wa Newala aijuaye foleni ya ndoo bombani ataelewa mara moja kwamba kuongeza wachotaji si kuongeza maji.

Fundisho hili latuhusu sisi walimu pia. Kugawa watoto 80 katika vikundi 10 vyenye kitabu kimoja ni kuongeza viini na kusahau kumbukumbu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole kumi havimvunji upesi kuliko viwili. Basi kabla ya kugawa vikundi, yampasa mwalimu ajiulize: ni sehemu ipi ya kazi hii igawanyikayo, na ni ipi isiyogawanyika? Asiyejiuliza hivyo amepanga madawati tu, hajapanga somo.