Mimba ya paka ni somo, si mzaha

Ni ada ya shule zetu nyingi kufuga paka kwa ajili ya ghala la chakula. Mahindi na maharagwe yaingiapo, panya nao huingia, na walimu wengi huona heri paka kuliko sumu. Hata hivyo, mlinzi huyo wa chakula cha mamia ya wanafunzi hana habari katika daftari lolote. Anaposhika mimba hakuna ajuaye. Anapozaa, aghalabu vitoto hutiwa guniani na kutupwa kando ya barabara. Naona hiyo ni aibu kwa mahali panapoitwa pa elimu.

Hapa Doldol aibu hiyo ni kubwa zaidi. Mtoto wa mfugaji wa Mukogodo humtazama mbuzi akajua kwamba ana mimba, na hata akakisia atazaa lini. Amefunzwa na wazee wake na macho yake mwenyewe. Mbuzi ni mali, ndiyo maana hutazamwa. Paka hapelekwi mnadani, kwa hiyo hatazamwi. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Nachelea kwamba kwa paka yatubidi tuambiwe.

Dalili zenyewe si fumbo. Paka jike mwenye joto hulia, hujiviringisha na kuinua kiuno. Yai lake aghalabu halipevuki mpaka apandwe. Akishika mimba, kelele hizo hukoma. Kufikia wiki ya tatu chuchu huvimba kidogo na kuwa na rangi ya waridi, hasa kwa mzazi wa kwanza. Kufikia wiki ya tano au ya sita tumbo huonekana wazi, na hamu ya chakula huzidi. Siku za mwisho hutafuta pembe ya giza atakapozalia. Mimba yote huchukua siku 63 hadi 65 hivi, na kwa kawaida huzaliwa vitoto vitatu hadi vitano.

Lakini dalili si ithibati. Tumbo laweza kujaa minyoo au maji ya ugonjwa. Tena yupo paka anayepandwa asishike mimba, ilhali mwili wake ukajidanganya kwa wiki kadhaa kana kwamba ameshika. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasimbonyeze paka tumbo. Daktari wa mifugo mwenye ujuzi huweza kuvipapasa vitoto kuanzia wiki ya tatu hivi. Mkono usiojua waweza kuviumiza au kuitoa mimba. Altrasaundi nayo huonyesha mimba kuanzia wiki hiyo ya tatu, na moyo wa kitoto ukionekana kupiga, shaka imekwisha. Eksirei hungoja hadi baada ya siku ya 45 hivi, mifupa inapokuwa imekomaa, na faida yake ni kuhesabu vitoto. Kile kipimo cha mkojo ambacho wanawake hununua katika duka la dawa hakifai kitu hapa, kwa kuwa hutafuta homoni ambayo paka hana.

Huenda msomaji akauliza: yanihusu nini mimi mwalimu? Tazama kalenda. Paka aliyepandwa tarehe 1 Machi atazaa kati ya tarehe 3 na 5 Mei. Maana yake ni kwamba wiki zake za njaa kubwa zaidi huangukia likizo ya Aprili, jiko likiwa limefungwa na wanafunzi wamekwenda makwao. Aliyeandika tarehe ataagiza mlinzi amwekee chakula. Asiyeandika atarudi akute paka amehama, na panya wametawala.

Isitoshe, vitoto vilivyotupwa havifi vyote. Vinavyosalia hukua bila chanjo, vikazurura karibu na mbwa na watoto. Serikali ya Kenya iliazimia mwaka 2014 kukomesha vifo vya watu vinavyoletwa na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na Laikipia yenyewe ilianza kampeni ya chanjo mwaka 2015. Paka naye huambukizwa ugonjwa huo na kuuambukiza. Aidha, paka-mwitu wa Afrika, ambaye ndiye asili ya paka wa nyumbani, yungali porini humu Laikipia. Hawa wazururaji huzaana naye na kuipoteza mbegu yake.

Rai yangu ni nyepesi. Mwalimu wa sayansi ampe mwanafunzi mmoja daftari: aandike siku paka alipolia, alipopandwa, chuchu zilipobadilika, na alipozaa. Anayesafisha kinyesi chake anawe mikono vizuri, na mwanamke mjamzito asikiguse kabisa. Vitoto vikishaachishwa ziwa vitafutiwe wenyeji, na mama apelekwe kwa daktari, Nanyuki ikibidi, afungwe kizazi, kwani huweza kushika mimba nyingine hata kabla hajamaliza kunyonyesha. Gharama hiyo hulipwa mara moja. Gunia la vitoto hurudi kila baada ya miezi michache, na wanafunzi wetu hulitazama likibebwa.