"Uhuru Afrika" si santuri ya makumbusho

Wapenzi wa jazz hawatosheki na santuri zinazojulikana. Wakishamaliza Miles Davis na John Coltrane, huanza kufukua zile zilizotoka kimya kimya zikasahaulika, na hapo ndipo ubishi unapokolea. Miongoni mwa hizo, ninayoona imeonewa zaidi ni "Uhuru Afrika" ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mnamo Novemba 1960. Hata wanaoikumbuka huisifu nusu nusu: huitaja kama ukumbusho wa siasa, kisha muziki wenyewe wakaupita.

Siasa imo, tena waziwazi. Mwaka ule nchi 17 za Afrika zilijitawala, na Tanganyika ilikuwa bado inangoja zamu yake. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, anayaghani kwa Kiswahili mwanzoni, ndipo Brock Peters anapoyasoma kwa Kiingereza. Makaburu waliipiga marufuku santuri hiyo nchini Afrika Kusini mwaka 1964. Lakini marufuku haithibitishi kwamba kazi ni nzuri. Huthibitisha tu kwamba mtawala aliogopa. Uzuri wake utafutwe kwa Melba Liston, mpiga tromboni aliyeupanga muziki huo kwa ajili ya kundi la watu zaidi ya 20. Humo wamo Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido na Armando Peraza wa Cuba, Max Roach na Charlie Persip wa Marekani, wote wakipiga ngoma za asili mbalimbali. Kazi kama hiyo ingeweza kugeuka kelele tupu. Liston hakuruhusu: tarumbeta na saksafoni zinaingia na kujitoa, ngoma zinabaki na nafasi ya kujibizana, na katika "African Lady" kundi zima linanyamazishwa karibu kabisa ili Martha Flowers aimbe. Kundi kubwa kiasi hicho ni ghali kuzungushwa majukwaani, na mpangaji wa muziki, hasa akiwa mwanamke katika jazz ya siku zile, jina lake lilikuwa halipewi uzito. Sioni haja ya kutafuta sababu nyingine ya kusahaulika kwa santuri hii.

Wapo watakaosema hii ni Afrika ya kuotwa kutoka mbali. Ni kweli kwamba Weston alirekodi kabla hajakanyaga bara hili. Alifika Nigeria mwaka 1961. Nakubali pia kwamba kuiita sehemu nzima ya muziki "Bantu" ni kujumlisha mno. Hata hivyo, hakujitia mwenyeji: alimwita Sanga, alimwita Olatunji, akawapa nafasi ya mbele. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kwetu jazz ni jambo jingine, ni Morogoro Jazz na Western Jazz, yaani dansi, na kwamba haya ya New York hayatuhusu. Mimi naona dansi ndiyo inayotupa haki ya kuyasema. Bendi zetu zilijifunza rumba kwa santuri za Cuba, nchi ileile alikotoka Candido. Sikio lililolelewa na rumba hiyo litamsikia katika "Kucheza Blues" kwa namna ambayo mkosoaji wa Marekani hawezi, na litaweza pia kusema bila haya ni wapi mdundo umelegea.